Bung'eda: Ufundi wa Vilima vya Kaburi katika Nyanda za Mbulu na Hanang

Miongoni mwa kazi za umbo zilizosimamishwa mahali pa wazi katika nyanda zote za Mbulu na Hanang nchini Tanzania, ni chache zinazostahili uchambuzi wa kiufundi kama bung'eda, yaani vilima vya kaburi ambavyo Wadatoga, hususan wa tawi la Wabarabaig, huwajengea wazee wenye heshima kubwa.

Malighafi yake ni udongo, miti na majani, vitu ambavyo kila mwenye boma anavyo, kwa hiyo ufundi wenyewe hauna budi kutafutwa katika ratiba. Kilima hakiinuliwi kwa siku moja, bali hukua kwa awamu juu ya kaburi kwa miezi mingi, aghalabu karibu 9, huku ujenzi ukienda sambamba na vikao vya ukoo, michango ya jamaa na wakwe, na utayarishaji wa gesuda, ambayo ni pombe ya asali, mpaka kinapofikia kimo cha mita 3 hivi. Mwendo huo wa polepole una faida hata kwa jicho la fundi mwashi, kwa kuwa udongo wa chini hupata muda wa kukauka na kushikana kabla haujabebeshwa uzito wa ule wa juu. Msanii mmoja wa kutajwa hayupo. Anayesanifu ni ukoo.

Mwaka 1970, ambao ndio George Klima alichapisha kitabu chake cha kianthropolojia juu ya Wabarabaig, msanii Robert Smithson alijenga Spiral Jetty, tuta la mawe na udongo lenye urefu wa mita 457 hivi lililojikunja ndani ya Great Salt Lake, Utah, nchini Marekani, akitumia malori na mitambo. Tuta hilo lilisifiwa kwa kuachiwa maji na chumvi, sifa ambayo Hanang isingemshangaza mtu yeyote, maana bung'eda nayo huachiwa mvua, ikabomoka na kusawazika taratibu, ilhali mahali pake hubaki patakatifu na kukumbukwa na wazawa wa marehemu vizazi hata vizazi.

Hapo ndipo udhaifu wa bung'eda ulipo. Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilipofungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu kwa msaada wa Kanada, mashamba yaliyofikia takriban ekari 100,000, makaburi kadhaa yalilimwa kwa matrekta, kwani dereva asiyeelekezwa na mwenyeji huona mwinuko mdogo tu wa ardhi, au haoni kitu.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haikutungwa kwa kazi ya namna hii: kinga yake ya moja kwa moja huangukia majengo na makaburi ya kale zaidi, na bung'eda za karne ya 20, hata zile zilizojengwa kwa utaratibu kamili, huachwa nje isipokuwa waziri mwenye dhamana atoe tangazo rasmi. Tangazo kama hilo lingelazimika kutaja eneo la ardhi badala ya umbo, na mipaka ya eneo hilo inajulikana na wazee wa ukoo.