AIBU, FEDHEHA NA KUTAHAYARI

Ni desturi ya kamusi nyingi kufasiri aibu kwa fedheha, na fedheha kwa aibu, kana kwamba maneno hayo ni mamoja. Desturi hiyo yaficha tofauti ambayo lugha ya pwani, kutoka Tanga mpaka Pangani, ina njia ya kuionyesha.

Asili ya aibu ni neno la Kiarabu lenye maana ya ila au kasoro. Katika sheria ya Kiislamu ya biashara, ila iliyofichika katika bidhaa humpa mnunuzi haki ya kuirudisha, na jina la ila hiyo ni neno lilo hilo. Methali nayo yasema: Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Maiti haoni haya, lakini aibu aweza kuwa nayo, na wajibu wa mwosha ni kuisitiri. Kwa hiyo aibu kwanza ni kitu kilichomo. Haya ni hisia ya moyo. Hana haya ni tusi tupu. Hana aibu, kwa maana ya asili, ni sifa, ijapokuwa leo wengi hulitumia kwa tusi vilevile.

Fedheha ni aibu iliyofunuliwa. Tofauti hii yaonekana katika Adili na Nduguze (1952), kitabu cha Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga. Adili huwapiga kila usiku manyani wawili, ambao ni ndugu zake. Aibu ya uovu wao imo nyumbani siku zote. Fedheha haiji mpaka Ikibali aone na habari imfikie Mfalme Rai. Asiyepambanua maneno haya hataelewa kwa nini Adili aliificha siri ile.

Kutahayari ni jambo jingine. Wengi hudhani limetokana na haya, lakini shina lake katika Kiarabu ni la kuduwaa na kukosa la kufanya. Mtu aliyeteleza mbele ya watu sokoni Ngamiani ametahayari. Aibu hana, maana hakutenda ovu.

Wafasiri wa leo huyaita yote mambo ya aibu. Hivyo mtoto aliyesahau shairi lake jukwaani na mwizi wa mali ya umma hupewa neno moja: wa kwanza hulaumiwa bure, wa pili hupunguziwa lawama. Yafaa la mtoto liitwe jambo la kutahayarisha, na aibu iachiwe mwizi.