Ufundi Waliorudi Nao Kutoka Vitani

Buruji ya kijeshi haina kitufe hata kimoja. Ni mrija wa shaba uliokunjwa, kikombe cha kupulizia huku na mdomo mpana kule. Vidole vya mpigaji hushika tu. Kazi yote iko midomoni na tumboni. Akikaza midomo na kusukuma pumzi kwa kasi, sauti inaruka juu, akilegeza, inashuka. Wala hairuki na kushuka atakavyo yeye, kwa sababu mrija una sauti zake chache zinazotokana na urefu wake. Miito ya jeshi la Marekani hutumia takriban tano tu kati ya hizo. Wa kuamka, wa chakula, wa kukusanyika, wa kuzima taa: yote imejengwa kwa sauti hizo hizo, na askari aliyekuwa usingizini aliutofautisha mmoja na mwingine kabla hajafumbua macho.

Chombo hiki hakimfichi mtu. Midomo ikikosea kidogo tu, noti inapasuka na kila aliyepo anasikia. Novemba 1963, katika maziko ya Rais John F. Kennedy kwenye makaburi ya Arlington, Sajenti Keith Clark alisimama kwenye baridi kwa saa kadhaa akisubiri zamu yake. Ilipofika, noti ya sita ya mwito wa maziko ikamvunjikia. Clark alikuwa miongoni mwa wapigaji hodari kabisa wa jeshi lake. Kosa likimpata mtu wa kiwango hicho, ndipo tunapojua uzito wa kazi anayoifanya mpigaji buruji kila anapopiga bila kasoro.

Nauheshimu ufundi huu, na zaidi nawaheshimu waliouokoa usipotee. Hao ni wanajeshi wa zamani wa Marekani waliounda vikosi vya ngoma na buruji baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wakati huo simu na redio zilikuwa zinachukua nafasi ya buruji katika kupeleka amri vitani. Ngoma na buruji zikakosa kazi. Wanaume waliorudi kutoka Ufaransa walijiunga na American Legion, chama cha wanajeshi wa zamani kilichoanzishwa mwaka 1919, au na Veterans of Foreign Wars, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1899. Matawi ya vyama hivyo, mji kwa mji, yakaanza kuunda vikosi vyao. Kufikia mwaka 1921 American Legion ilikuwa imeandaa mashindano ya kitaifa mjini Kansas City.

Walikuwa watu wa kazi za kawaida, na baada ya kazi walikutana kufanya mazoezi. Tatizo lao la kwanza lilikuwa la kimuziki: kwa buruji tupu utapiga miito, ila nyimbo nyingi zitakushinda kwa kukosa noti. Katika miaka ya 1930 kitufe kimoja, yaani vali, kikaruhusiwa mashindanoni, kimelazwa ubavuni na kubonyezwa kwa kidole gumba. Hiyo iliongeza noti, lakini mapengo yakabaki, na wapangaji wa muziki walilazimika kuzunguka noti zilizokosekana bila msikilizaji kugundua. Nikisikiliza rekodi za zamani za vikosi hivyo, hilo ndilo linalonivutia kuliko ukubwa wa sauti. Wimbo mzima unapita kwenye chombo ambacho kwa haki kisingeuweza.

Upande wa ngoma, urithi ulikuwa wa zamani zaidi, na kuna mtu mmoja anayestahili kutajwa kwa jina: Sanford Moeller. Alikuwa mpigaji ngoma aliyejiuliza inakuwaje wazee waliopiga ngoma katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, waliweza kupiga kwa nguvu kiasi kile, kwa muda mrefu kiasi kile, bila kuchoka. Hakutafuta jibu vitabuni. Aliwaendea wazee wenyewe, waliokuwa bado hai, akawatazama mikono. Alichokiona alikiandika katika kitabu chake cha mwaka 1925, na hadi leo wapigaji ngoma duniani wanauita mtindo huo wa kupiga kwa jina lake.

Tuutazame mkono huo kwa karibu. Kijiti kimeshikwa kwa ulegevu, kidole cha mwisho kikifanya kazi kubwa kuliko kidole cha shahada. Mkono unainuka ukianzia kwenye kiwiko. Kiganja kinafuata kikiwa kimeelekea chini, na ncha ya kijiti ndiyo inayochelewa kuliko vyote. Kisha mkono unashuka na ncha inarushwa, kama mtu anavyokung'uta maji kwenye vidole baada ya kunawa. Kijiti kinagonga ngozi na kurudi chenyewe. Kurudi huko hakupotezwi: kunatumika kwa pigo la pili, hata la tatu, mkono ukiwa tayari unainuka kwa mzunguko mwingine. Nguvu ya misuli inalipia pigo moja, mengine yanatolewa na ngozi ya ngoma. Kijana wa miaka 12 aliyetembea na jeshi siku nzima asingeweza kupiga kwa njia nyingine.

Mkono wa kushoto nao una historia yake. Ngoma ya jeshi ilining'inizwa kwa mkanda begani, ikalalia paja la kushoto, hivyo uso wake ukainama. Mkono wa kulia uliufikia kwa urahisi. Wa kushoto ulilazimika kugeuza kiganja kitazame juu, kijiti kikae kwenye panda ya kidole gumba na kupita kati ya vidole. Leo ngoma hubebwa mabegani kwa fremu na uso wake umelala sawa, hata hivyo wengi wa wapigaji wanaendelea kushika vile vile. Wanafanya hivyo kwa sababu waliowafundisha walishika hivyo, na sauti inayotoka wanaipenda.

Somo la kwanza la mwanafunzi lilikuwa mgurumo mrefu: mapigo mawili ya kulia, mawili ya kushoto, walimu wakiyatamka baba-mama, baba-mama. Huanza polepole kiasi cha kuhesabika, huongezeka hadi mapigo yanaungana kuwa sauti moja, halafu hurudi taratibu pale pale yalipoanzia. Kupanda si kugumu sana. Kushuka bila kuyumba ndiko kunakomtambulisha fundi. Mwaka 1933, mjini Chicago, wapigaji ngoma 13 walianzisha chama chao cha kitaifa na kukubaliana juu ya mapigo 13 ya msingi. Aliyetaka kuwa mwanachama alipaswa kuyapiga yote mbele ya anayemjaribu.

Ukali huo uliingia mashindanoni. Kikosi kilianza kikiwa na alama zote, na majaji wakatembea kati ya wapigaji uwanjani, karatasi mkononi, wakipunguza sehemu ya kumi ya alama kwa kila kosa. Jaji aliinamisha sikio karibu na ngoma yako. Kijiti kikigusa ukingo, alama imekwenda. Nakubali utaratibu huo ulikuwa mkavu, na hatimaye uliachwa. Lakini ulitoka kwa watu waliojua kwamba vitani mwito uliokosewa ungeweza kugharimu roho za wenzao.

Vita vya Pili vya Dunia vilileta kizazi kingine. Mwaka 1946, katika mji wa Hawthorne, New Jersey, wanajeshi waliorudi waliunda Hawthorne Caballeros chini ya tawi lao la American Legion, na kikosi hicho kikawa miongoni mwa vilivyotwaa ubingwa mara nyingi. Matawi ya namna hiyo, pamoja na makanisa na maskauti, yalifadhili pia vikosi vya watoto. Kijana wa mtaa alipewa ngoma na sare, na mara nyingi mwalimu wake alikuwa mtu aliyewahi kuvaa sare nyingine.

Miaka ya 1970 ilipoanza, vikosi vya vijana vilitaka kujiwekea kanuni zao, vikaanzisha chama cha Drum Corps International na kufanya ubingwa wa kwanza mwaka 1972 huko Whitewater, Wisconsin. Vali tatu zikaruhusiwa mwaka 1990, na mwaka 2000 buruji za funguo zote za muziki zikaruhusiwa. Wapo wazee waliolalamika, nami nawaelewa. Hata hivyo, mgurumo ule wa baba-mama bado ndio somo la kwanza.

Sasa linakuja suala la heshima. Mwito wa maziko ya kijeshi Marekani una noti 24 na sauti nne tu. Ulipata sura yake mwaka 1862 huko Virginia, Jenerali Daniel Butterfield akimwelekeza mpigaji wake, Oliver Norton. Tangu Januari 2000, sheria inataka kila mwanajeshi wa zamani anayestahili, familia yake ikiomba, akunjiwe bendera na apigiwe mwito huo. Wapigaji hawakutosha. Kufikia mwaka 2003 kikapatikana kifaa cha kielektroniki kinachotumbukizwa kwenye mdomo wa buruji: mwanajeshi anabonyeza, anainua chombo midomoni, na rekodi inacheza. Siwalaumu waliokibuni, kwa kuwa familia zilikuwa zinasubiri. Lakini ninamwona Tom Day wa Illinois kuwa alijibu vizuri zaidi: mwaka 2000 alianzisha Bugles Across America, akawaita wapigaji wajitolee kwenda makaburini wenyewe.

Mcheza kwao hutunzwa, wahenga walisema, na tuzo inayomfaa mpigaji ni mwanafunzi. Medali na hotuba ni njema, ila Moeller aliwatunza wazee wake kwa kuketi karibu nao na kujifunza. Nawe msomaji, ukimfahamu mzee aliyewahi kupiga ngoma au tarumbeta jeshini, popote ulipo, mwendee akiwa bado ana nguvu. Mwombe akuonyeshe anavyoshika kijiti, kisha mwache kijana wako akae mahali pako.