Dereva wa Lori Aliyelipima Bomu la Hiroshima
John Coster-Mullen hakuwa mwanafizikia. Alikuwa dereva wa lori jimboni Wisconsin, Marekani, na kabla ya hapo mpiga picha. Katika miaka ya 1990 alitaka kuuza mfano mdogo wa bomu la Hiroshima kwa ajili ya kumbukumbu ya miaka 50, ukiambatana na kijitabu cha maelezo. Kijitabu kikakua kikawa kitabu cha mamia ya kurasa, alichokichapa mwenyewe na kukirekebisha kwa miaka mingi. Alifariki 2021.

Serikali ilificha michoro, lakini makasha ya mabomu ya aina ile yaliwekwa kwenye makumbusho, na picha zilizopigwa kisiwani Tinian, bomu lilikounganishwa, zikatolewa hadharani. Akaenda kuyapima makasha hayo kwa mkono wake. Ukishajua upana halisi wa kitu kimoja pichani, vilivyo jirani nacho unavipata kwa hesabu ya uwiano, mradi ukumbuke kuwa kilicho mbali na kamera huonekana kidogo kuliko kilivyo. Hapo ujuzi wa upigaji picha ulimfaa kuliko shahada. Kisha akawatafuta wazee walioshiriki kazi ya kuunda bomu. Kila mmoja alikuwa ameonyeshwa sehemu yake tu, maana siri ililindwa kwa kugawanywa. Yeye akaziunganisha sehemu hizo.

Vitabu vilizoea kusema kwamba ndani ya bomu kipande kizima cha urani kilifyatuliwa kikaingia kwenye kipande chenye tundu. Coster-Mullen alidai kinyume: chenye tundu ndicho kilichofyatuliwa. Wanahistoria wa nyuklia wamelikubali hilo.

Je, amewarahisishia kazi wenye nia mbaya? Sidhani. Bomu lile lilibeba kilo 64 za urani iliyorutubishwa, na kuipata kulihitaji viwanda vikubwa vya Oak Ridge, Marekani, na maelfu ya wafanyakazi. Kizuizi ni urani yenyewe.

Na sehemu kubwa ya urani hiyo ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo. Tani zipatazo 1,200 za mawe yake zilifikishwa Staten Island, New York, mwaka 1940. Leo bolti za kasha la bomu zina maelezo marefu kuliko wachimbaji waliochambua mawe hayo kwa mikono, na hilo linaniuma. Watoto na wajukuu wao wapo Likasi na Lubumbashi, na Kiswahili ndicho wanachozungumza. Mwenye subira kama ya dereva yule aanzie huko.