Kikombe cha Maji ya Moto

Waliokuwa uani pale Gede, Pwani ya Kenya, siagi ikisukwa mwezi Machi, walijionea. Maziwa yalilazwa siku mbili yakaganda sawasawa, kibuyu kilifukizwa vizuri, na mkono wa msukaji ulikuwa na mwendo. Hapo hapana la kusema. Kilichoiharibu siagi ni kikombe kimoja cha maji ya moto.

Ilikuwa saa sita mchana, jua la kaskazi liko utosini, na siagi inachelewa. Mtungi wa maji baridi ulikuwa hatua tatu tu kivulini. Mwelekezaji wa usukaji huo aliupita, akaagiza birika jikoni, akayamimina yale maji ya moto ndani ya kibuyu. Kabla ya hapo kibuyu kilikuwa kimeanza ule mlio mzito, wa kugonga, unaosema punje zi karibu. Baada ya maji hayo mlio ukageuka mwepesi, wa maji matupu. Kizibo kilipotolewa, juu palitanda mafuta ya manjano kama ya mchuzi, wala hapakuwa na punje ya kushika kwa kidole.

Ushauri huo wa kuongeza maji ya moto siagi inapochelewa umetoka bara. Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, malai ya asubuhi huwa baridi mno, na maji ya vuguvugu huyasaidia. Mafuta ya maziwa hushikana vizuri kwenye nyuzi 15 hadi 20 hivi. Kwa nyuzi 30 za Gede mengi yao yamekwisha kuyeyuka.

Na si leo tu Pwani kusomewa kitabu cha mlimani. Mradi wa kitaifa wa maziwa ulioanza 1980 kwa msaada wa Uholanzi ulihimiza ng'ombe wa bandani na matete ya kuwalisha. Maziwa yaliongezeka, hilo halikanushiki. Lakini maziwa ya Friesian, ng'ombe wa bandani, yana mafuta asilimia 3.5 hivi, na ya zebu wa kienyeji hukaribia 5. Msuka siagi ndoo iliyojaa itamfaa nini?

Bibi wa zamani hakuwa na kipimajoto. Alisuka alfajiri, jogoo hajamaliza, na akiona shingo ya kibuyu ina moto alikizungushia kitambaa kibichi, akakiacha kipoe huku akifagia uwanja.

Gede, jioni, mafuta yalipopoa yaliopolewa kwa kijiko yakachemshwa. Kwa lita sita za maziwa ikapatikana samli nusu kikombe cha chai.