Riwaya Zetu na Mwanamke Asiyejua

Msichana akitapika asubuhi kwenye riwaya ya Kiswahili, wewe msomaji huhitaji daktari. Ushajua. Kurasa chache mbele mama atamkazia macho, baba atafoka, na mwanamume aliyehusika ataanza kujificha. Nimesoma hivyo tangu shule ya upili, na nikaamini kwamba mwili ndivyo unavyofanya kazi: ukibeba, utaambiwa.

Mimi sikuambiwa. Nilikuwa karani kwenye kituo cha kununulia majani chai upande wa Bomet, kazi yangu kusoma mizani na kuandika kilo za wakulima. Hedhi yangu haijawahi kuwa na mpangilio. Kifua kikiwaka, nameza dawa ya asidi. Nikinenepa, nasema ni chapati. Nilienda kupimwa kwa sababu ya miguu kuvimba, na daktari akanigeuzia skrini: wiki 28. Kondo la nyuma, akanieleza, lilikuwa limekaa mbele, ndiyo maana mateke sikuyasikia. Wiki tatu baadaye maji ya uzazi yalimwagika nikiwa kwenye matatu ya Kericho, nje mashamba ya chai yakipita kama kawaida. Binti yangu alizaliwa kabla ya jua kuchomoza, gramu 1,480.

Wodini tulifundishwa kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, mtindo ulioanzia Bogotá nchini Kolombia mwaka 1978 kwa kuwa mashine za kuwapa watoto joto hazikutosha. Unakaa hivyo saa nyingi. Mkono mmoja unabaki huru, na wangu ulishika Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye, riwaya ya mwaka 1986.

Inaanza 1956, wakati wa hali ya hatari. Paulina, miaka 16, anashuka treni Nairobi kumfuata mumewe, Martin. Ana mimba, na siku si nyingi inatoka. Akitoka hospitalini anapotea katika mji asioujua. Nilizisoma kurasa hizo mara mbili. Macgoye hamwadhibu Paulina. Mimba haikutoka kwa sababu ya dhambi, wala haikutoka ili sisi tupate funzo. Imetoka tu, na msichana inambidi atafute njia ya nyumbani.

Hilo si jambo dogo ukilinganisha na vitabu tulivyolelewa navyo. Katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, mimba ni sehemu ya kuanguka kwa Rosa. Katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, Tamima anazalishwa na mkunga, na anachopata ni talaka badala ya pongezi. Ni riwaya kubwa, tena zote mbili ziko upande wa mwanamke. Lakini hata humo uzazi ni kesi, na mwili ni shahidi ambaye lazima aseme kila kitu.

Ndiyo maana kila aliyefika kitandani kwangu aliuliza swali moja. Muuguzi, shangazi, hata msichana wa kitanda cha pili: "Ati hukujua? Kweli kweli?" Kwenye hadithi walizozoea, mwanamke asiyejua hayuko. Yuko anayeficha tu. Nilijibu mpaka nikaanza kujishuku mwenyewe. Kumbe utafiti uliofanywa Berlin na kuchapishwa 2002 ulikuta kwamba karibu mimba 1 kati ya 475 hufika wiki ya 20 mwenyewe hajatambua. Tuko. Ila hatujaandikwa.

Na hapa ndipo ninapogombana na Macgoye pia. Riwaya yake inaenda hadi 1978, na inapofungwa Paulina ana mimba tena. Wengi wanaisoma mimba hiyo kama tumaini la nchi. Sawa. Lakini kitabu kinaisha kabla ya leba, na mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili wa leba. Tumaini likiwa bado tumboni halina uzito wa kupimwa. Langu lilipimwa kila asubuhi: 1,480, halafu 1,440, halafu 1,410. Watoto wote hupungua siku za kwanza, niliambiwa, lakini hakuna hadithi iliyowahi kunionya. Mimi niliyezoea kuandika kilo za majani nililia juu ya gramu 30. Siku uzito uliporudi 1,430 nilitaka kumpigia simu kila mkulima ninayemjua.

Nani ameandika asubuhi hiyo? Maziwa yanayopita kwenye mpira mwembamba, mililita 3 kwa zamu. Kofia ya sufi kubwa kuliko kichwa. Mama anayehesabu pumzi za mtoto huku akijibu kwa nini hakujua. Hapo pana riwaya nzima, na haihitaji mtu kutapika.

Gogo alikuja siku ya nne, na mursik kwenye kibuyu ambayo hakuruhusiwa kuingia nayo. Nilijiandaa kwa lile swali. Sisi Wakipsigis jina la mtoto hufuata wakati aliozaliwa. Jua limekaribia, au ng'ombe wanarudi, au ni usiku. Miezi aliyokaa tumboni haimo kwenye hesabu.

"Alikuja saa ngapi?" akauliza.

"Alfajiri, gogo."

"Basi ni Chepkoech," akasema, na akaomba kiti.