Kushinda Kuna Mpaka

Kushindana si dhambi. Wawili wakikimbia bega kwa bega, kila mmoja hukaza mwendo kuliko kama angekuwa peke yake. Na timu isiyo na mpinzani, mpira wake hauna ladha. Ubaya waingia mtu anaposahau alikuja kutafuta nini. Hapo mchezo wageuka ugomvi, na ugomvi wa wawili wawa ugomvi wa koo mbili. Jambo hilo twalijua sisi wa Kashebere, mahali Masisi inapopakana na Walikale. Nasi tunayo hadithi ya nyumbani ya kutufundisha, yaani hadithi ya Mwindo, ya ndugu zetu Wanyanga. Candi Rureke aliisimulia mwaka 1956, na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene wakaitoa katika kitabu mwaka 1969. Yafaa tuipime.

Shemwindo, mwami wa Tubondo, aliamuru wake zake saba wasimzalie ila wasichana. Mwindo alipozaliwa mwanamume, baba alimrushia mikuki, akamzika, kisha akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto akapona, akafika kwa shangazi yake Iyangura, halafu akarudi na wajomba wake kupigana. Tubondo ikateketea kwa moto wa radi, na baba akakimbilia chini ya ardhi.

Msikilizaji huchangamka hasa hapo penye moto. Sisi twaona kiini cha hadithi ki mbele zaidi. Huko chini ya ardhi Mwindo alimkuta Sheburungu, wakacheza mchezo wa mbegu wa kuwekeana dau. Kwanza Mwindo alishindwa, akapoteza alivyokuwa navyo. Mwisho akauweka usinga wake, bahati ikamgeukia, akapata mali yote ya Sheburungu: watu, ng'ombe na mbuzi. Kisha akamrudishia yote! Alikuwa akimtafuta baba yake, wala mali ya mtu hakuihitaji. Naye baba alipokamatwa hakuuawa. Alirudishwa Tubondo, akakiri kosa lake mbele ya watu, na utawala ukagawanywa kati ya baba na mwana. Mwindo alijua anataka nini, na alipokipata akaacha kushindana.

Tena hadithi haimpendelei shujaa wake. Mwindo ana majivuno mengi mdomoni. Alipokwisha kupata amani alimwua zimwi Kirimu, rafiki yake Nkuba, bwana wa radi. Nkuba akamchukua juu mbinguni mwaka mzima, akateswa kwa baridi, kwa mvua na kwa jua, mpaka akajifunza kunyenyekea. Basi mshindi naye ana wa kumkemea. Hilo ni jema sana.

Lakini liko jambo moja tusilokubali kwa urahisi. Watu wa Tubondo waliokufa motoni, Mwindo aliwafufua kwa usinga wake. Kwa hiyo hasira yake haikumgharimu kitu. Sisi hatuna usinga. Tangu mwaka 1993 nchi ya Masisi na Walikale imezika watu wengi waliouawa katika mashindano ya ardhi na ya madaraka, wala hakuna aliyefufuka. Anayeisikiliza hadithi hii kwetu, yampasa ajue kwamba Mwindo aweza kuigwa kwa Sheburungu. Kwa moto wa Tubondo asiigwe.

Kama mtu asema hayo ni ya hadithi tu, na atazame mchezo wa ngumi. Tarehe 30 Oktoba 1974 Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa. Makundi ya watu yalipaza sauti, «Ali, boma ye!», maana yake, mwue. Foreman alianguka katika raundi ya 8, akapoteza ubingwa wa dunia. Baadaye wawili hao wakawa marafiki. Mwaka 1997, filamu ya pigano lile ilipopewa tuzo huko Los Angeles, Ali alikuwa akitetemeka kwa ugonjwa, na Foreman akamsaidia kupanda ngazi. Waliokuwa ulingoni walijua pigano limekwisha. Mara nyingi ni sisi watazamaji tunaokwenda nalo nyumbani.

Basi, vijana mnaoingia kiwanjani, nanyi wazazi mnaosimama kando na kupiga kelele, jiulizeni kabla ya firimbi: twataka nini leo? Kama ni goli, litafuteni kwa nguvu zote. Nanyi jirani wawili mnaogombea mpaka wa shamba, ulizaneni vivyo hivyo. Kama ni mpaka, uwekwe mbele ya wazee, na aliyeshinda amwachie mwenzake mbuzi wake, na nyumba yake, na salamu ya asubuhi.