Kukengeuka si kupotoka

Majuzi niliketi kwenye jopo la kutahini tasnifu katika chuo kikuu kimoja humu nchini. Mtahiniwa alitafiti majina ya vyombo vya baharini, kisha akatumia sura nzima kueleza biashara ya boriti za mikoko za Lamu. Mwenzangu mmoja akafoka, "Huyu amepotoka!" Sura ikaamriwa iondolewe. Nami nikatia sahihi. Neno hilo limeninyima usingizi tangu siku hiyo.

Hebu tulitazame. Kupota ni kusokota uzi au kamba, na kupotoka kuna undugu na kitenzi hicho. Kilichopotoka kimepinda katika umbile lake. Ndiyo maana twasema mtoto aliyepotoka, maadili yaliyopotoka. Hiyo ni hukumu juu ya tabia, na walimu wetu huiandika kwa wino mwekundu chini ya insha ya mtoto wa miaka kumi na mitatu! Kukengeuka ni kuiacha njia uliyokuwa ukiifuata na kugeukia kando. Aliyekengeuka hurudi. (Masikio yangu husikia humo makengeza, yaani jicho linalotazama pembeni, kama upogo unavyotumika kwa macho na kwa mwendo vilevile. Lakini nachelea kukengeuka mwenyewe.)

Mabaharia wametuachia kipimo bora zaidi. Mrama ni kule kuyumba kwa chombo kinapopigwa na mawimbi, kikalala ubavu huu, kikalala ule. Hotuba iliyoenda mrama haina nahodha. Lakini wana pia kubisha. Chombo kinachokabili upepo wa mbele hakiwezi kwenda moja kwa moja. Hukata upande mmoja, kisha upande wa pili. Aliyesimama ufuoni asiyejua tanga ataapa kuwa nahodha amepotea, na nahodha huyo anakaribia bandari.

Halafu kuna kuzunguka mbuyu, msemo wanaoupenda watangazaji wetu. Eti mwanasiasa anazunguka mbuyu, yaani hataki kujibu swali. Nashuku hicho ni kichaka cha Waingereza kilichobadilishwa mti. Katika Kiswahili, hasa cha Tanzania, kuzunguka mbuyu ni kutoa hongo. Mtangazaji anayemwambia waziri hewani kwamba anazunguka mbuyu ajue alichomshtaki. Mwambie anakwepa swali, au anakupiga chenga. Sote twatazama kandanda.

Na hiyo mada tunayodai watu wameitoka? Tuliipata kwa Waarabu, ambao kwao neno hilo hutaja pia kitu cha kuundia vitu vingine, malighafi. Kwa maana hiyo, mtahiniwa wetu hakutoka popote. Alikuwa akieleza majahazi yalibeba nini hadi Arabuni, na jinsi mabaharia wa pande mbili walivyokuja kugawana maneno. Kosa lake lilikuwa moja tu: hakutuonyesha mapema alikokuwa akielekea. Kosa hilo hutibiwa kwa aya moja ya utangulizi, wala halihitaji mkasi.

Nimemwandikia msimamizi wake nikiomba sura ile irejeshwe. Wiki mbili sasa, hajajibu.